Je, Yafaa Kusema Uongo Mbele ya Dirisha la Ubalozi?



Katika sharika zetu za Mbeya na Iringa liko neno linalosemwa sana siku hizi, nalo husemwa kwa sauti ndogo. Kijana amemaliza masomo yake vema, naye amepata barua kutoka chuo kikuu cha ng'ambo ya kwamba amekubaliwa. Nyumbani watu hufurahi, na jirani huja kutoa pongezi. Kisha, baada ya furaha, zaja karatasi. Ubalozi wataka kujua fedha ya kumtunza kijana iko wapi, tena wataka kujua kama atarudi kwao masomo yakiisha. Hapo ndipo ndugu hukutana jioni wakashauriana, na mara nyingine shauri lao ni hili: fedha na ikopwe kwa siku chache, ionekane katika benki, kisha irudishwe kwa wenyewe, na kijana akiulizwa juu ya kurudi, ajibu upesi kwamba atarudi, ingawa moyoni amekwisha kukata shauri la kukaa huko.

Wako wanaokuja kwa wachungaji wao na kuuliza: Je, jambo hili ni dhambi, au ni werevu tu wa mtu maskini? Swali hili si dogo, wala halifai kujibiwa kwa neno moja na kuondoka. Wanaouliza si watu wabaya. Ni baba na mama waliouza ng'ombe na mbao, ni wajomba waliotoa akiba yao ya chai na viazi. Kwa hiyo yatupasa kulitazama polepole, na kuwasikiliza kwanza wale wanaosema kwamba yafaa.

Na tuseme wazi tangu mwanzo kwamba kutafuta elimu mbali si kosa. Ni kweli kwamba siku hizi hatuna uhaba wa vyuo kama zamani. Mbeya kiko Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, kilichopata cheo hicho mwaka 2012, na kiko Chuo Kikuu cha Teofilo Kisanji cha ndugu zetu Wamoravian. Iringa kiko Chuo Kikuu cha Iringa cha Kanisa letu, na kiko Chuo cha Elimu cha Mkwawa, kilicho tawi la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tangu mwaka 2005. Mtu aweza kupata shahada njema pasipo kuvuka bahari. Lakini yako masomo yasiyofundishwa hapa, na wako vijana wanaopata msaada wa masomo huko ambao hapa hawakuupata. Anayekwenda kwa sababu hizo hafanyi kosa lo lote.

Tena yafaa tujue jinsi mambo yalivyo, maana mtu asiyejua sheria hawezi kusema kama ni ya haki au si ya haki. Kijana wa Mbeya hana budi kupata pasi ya kusafiria kwa shilingi 150,000, na vyeti vyake vya mitihani na cha kuzaliwa viwe tayari. Kisha asafiri zaidi ya kilomita 800 hata Dar es Salaam, apite Makambako na Iringa, ashuke Kitonga, apite mbuga ya Mikumi, na kesho yake asimame mbele ya dirisha. Ada ya maombi hulipwa kabla, na akikataliwa hairudi.

Juu ya fedha, kila nchi ina desturi yake. Udachi, ambako vyuo vingi vya serikali havitozi ada ya masomo, yataka kuonyeshwa fedha ya chakula na malazi. Tangu Septemba 2024 kiasi kilichowekwa kilikuwa euro 11,904 kwa mwaka mmoja, ndiyo zaidi ya shilingi milioni 30. Fedha hiyo huwekwa katika akaunti iliyozuiwa, hata mwenyewe asiweze kutoa zaidi ya euro 992 kila mwezi. Asiye na akaunti hiyo aweza kuonyesha barua ya msaada wa masomo, au hati ya mtu akaaye huko aliyeahidi mbele ya serikali kwamba atamlisha mgeni wake. Uingereza yataka fedha iwe imekaa katika benki siku 28 mfululizo. Marekani ina sheria ya mwaka 1952 isemayo kwamba kila aombaye viza ya namna hii ahesabiwe kuwa ni mtu atakaye kuhamia, hata atakapomridhisha afisa kwamba sivyo. Kwa hiyo yeye ndiye apaswaye kuonyesha kwamba ana kwao, na kwamba atarudi.

Basi, twaona uongo unaofikiriwa ni wa namna mbili. Wa kwanza ni uongo wa fedha: kuonyesha mali isiyo yako kana kwamba ni yako. Wa pili ni uongo wa moyo: kuahidi jambo usilokusudia.

Sasa tuwasikilize wanaoutetea. Hoja zao ni tatu, nazo si hoja za kitoto.

Hoja ya kwanza yasema hivi: sheria hizi zimewekwa kwa kipimo cha matajiri. Mkulima wa viazi wa Makete, au mchuma chai wa Mufindi, hata akiishi maisha mawili hataweka benki milioni 30 kwa mara moja. Mwana wa tajiri mwenye akili ndogo apita, na mwana wa maskini mwenye akili nyingi azuiwa. Kizuizi kama hicho si haki, na mtu aliyezuiwa pasipo haki aweza kukipita kwa namna apatayo.

Hoja ya pili ni ya kale zaidi. Yasema: Wazungu walipokuja kwetu, ni nani aliyewapa viza? Wadachi waliingia Uhehe kwa bunduki. Mwaka 1894 waliivunja ngome ya Kalenga, na Mtwa Mkwawa alipokufa mwaka 1898 hata kichwa chake kilichukuliwa kikapelekwa mbali, na fuvu halikurudi Kalenga mpaka mwaka 1954. Leo wajukuu wa waliotendewa hayo wasimame mlangoni wakihesabiwa fedha na kuulizwa kama watarudi! Mtu asemaye uongo kwa mlango huo, ameiba nini?

Hoja ya tatu yatoka katika Maandiko. Wakunga wa Misri walimdanganya Farao, watoto wakapona. Rahabu aliwaficha wapelelezi na kuwapoteza njia waliowatafuta, naye ahesabiwa miongoni mwa watu wa imani. Basi uongo wenye kuleta mema si uongo hasa.

Haya ndiyo wanayosema, nasi twayapima kwa uzito wake. Twaanza na hoja ya tatu, kwa kuwa walimu wa Kanisa waliifikiri muda mrefu.

Augustino, askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, aliandika vitabu viwili juu ya uongo, kimoja karibu na mwaka 395 na kingine karibu na mwaka 420. Aliupanga uongo katika aina 8, toka ulio mzito hata ulio mwepesi, akafundisha kwamba kila uongo ni dhambi, hata ule wa kumwokoa mtu. Wengi wameona fundisho hilo ni gumu mno. Karne nyingi baadaye alikuja mchungaji wa Kilutheri, Dietrich Bonhoeffer, aliyefungwa Berlin mwaka 1943 kwa sababu alimpinga Hitler, naye akanyongwa Aprili 1945. Gerezani alianza kuandika juu ya maana ya kusema kweli, ingawa hakumaliza. Alitoa mfano huu. Mwalimu amwuliza mtoto mbele ya darasa zima kama ni kweli kwamba baba yake hurudi nyumbani mara nyingi amelewa. Ni kweli, lakini mtoto akana. Bonhoeffer asema kwamba jibu la mtoto ni uongo, walakini lina kweli zaidi kuliko kama angelimwaibisha baba yake mbele ya wenzake. Kosa ni la mwalimu, kwa kuwa aliingia mahali asipokuwa na haki ya kuingia.

Mfano huu watusaidia kuliko hoja nyingi. Watufundisha kuuliza, kabla ya yote: Je, anayeuliza ana haki ya kuuliza? Farao hakuwa na haki ya kuwauliza wakunga juu ya watoto aliotaka kuwaua. Waliotumwa nyumbani kwa Rahabu walitafuta watu wa kukamata. Mwalimu yule hakuwa na haki juu ya siri ya nyumba ya mtoto. Lakini mwenye nyumba anayemwuliza mgeni, "Umekuja kufanya nini, nawe utakula kwa nani?", je, yeye hana haki? Sisi wenyewe twauliza hivyo. Katika Unyakyusa, Uhehe na Ubena mgeni hupokewa kwa heshima, hupewa maji na chakula. Walakini jioni ikifika mzee wa nyumba humwuliza safari yake ni ya wapi na ya siku ngapi. Hata mithali yetu yasema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hakuna aonaye kwamba mzee huyo amemtukana mgeni. Na mgeni akijibu kwamba anapita tu, kumbe amekwisha kukusudia kujenga, amemkosea mzee yule.

Basi twasema: swali la ubalozi si swali la Farao. Laweza kuulizwa kwa ukali, laweza kuulizwa na mtu aliyechoka asiyetutazama usoni, hata hivyo ni swali la mwenye nyumba. Wala kijana hakulazimishwa kubisha mlango huo. Alibisha mwenyewe kwa kuwa ataka kilichomo ndani.

Hapa twajibu na hoja ya pili. Kwamba Uhehe ulitendewa jeuri, hilo ni kweli, wala hatupendi lisahauliwe. Lakini wale waliolichukua fuvu la Mtwa walifanya nini? Waliingia kwa mtu pasipo ruhusa yake, wakatwaa wakitakacho. Tukisema kwamba nasi twaweza kuingia kwa karatasi ya uongo kwa sababu wao waliingia kwa bunduki, tumewafanya wao kuwa walimu wetu, tena tumekiri kwamba tendo lao halikuwa baya, ila tu lilitutokea sisi. Dai la haki husemwa waziwazi. Fuvu lile lilidaiwa kwa kuandikwa na kutajwa, hata katika mkataba wa amani wa Versailles wa mwaka 1919, likarudi mchana mbele ya watu. Hakuna aliyeliiba usiku.

Sasa tuje kwenye hoja ya kwanza, ile ya umaskini, maana ndiyo inayochoma moyo. Twakubali kwamba kipimo hiki chaelemea maskini. Wala hatutasema kwamba kila sheria ya nchi kubwa ni ya haki. Lakini swali letu ni jingine: uongo huu wamwumiza nani? Wengi hudhani wamwumiza afisa wa ubalozi tu, naye ni mtu wa mbali mwenye mshahara wake. Sivyo.

Kwanza wamwumiza kijana mwenyewe. Fedha ile haikuulizwa kwa udadisi tu. Huulizwa kwa kuwa ni bei ya mkate, kitanda, na bima ya ugonjwa katika mji wa baridi. Iliyokopwa ikionekana na kurudishwa, kijana afika akiwa na karatasi, hana mkate. Ndipo aanza kufanya kazi usiku kuliko sheria inavyomruhusu. Udachi mwanafunzi mgeni huruhusiwa kazi ya siku 140 kamili kwa mwaka. Uingereza mwanafunzi wa chuo kikuu kwa kawaida huruhusiwa saa 20 kwa juma wakati wa masomo. Aliyekwenda pasipo fedha hazimtoshi hizo. Hulala darasani, hushindwa mtihani, na mwenye kuvunja sheria ya kazi huweza kunyang'anywa viza. Uongo mmoja wazaa wa pili, nao wa pili wataka wa tatu. Na ukigunduliwa, hukumu yake ni nzito: Uingereza aliyedanganya katika maombi aweza kuzuiwa hata miaka 10, na Marekani aweza kuzuiwa maisha yake yote, isipokuwa apewe msamaha.

Pili wawaumiza waliomkopesha. Katika vijiji vyetu fedha hiyo hutoka kwa wanachama wa VIKOBA na SACCOS, wajane miongoni mwao, nao huambiwa kwamba itarudi baada ya majuma machache. Mara nyingi hurudi. Lakini ikitokea wakala mjanja akitoweka nayo, au ndugu mmoja akaitumia, watamshtaki nani? Shauri lilifanywa gizani, wala hakuna karatasi ya kweli ya kupeleka barazani.

Tatu, na hili ndilo twataka kulikazia, uongo huo wamwumiza jirani aliye nyuma katika mstari. Afisa aliyedanganywa na watu watatu kutoka nyanda zetu, wa nne atamwamini kwa shida. Huyo wa nne huenda ni binti wa Tukuyu ambaye fedha yake ni ya kweli, iliyokusanywa shilingi kwa shilingi miaka 10, na barua zake ni za kweli. Yeye ndiye alipaye deni la wale watatu, wala hawajui. Amri inayokataza kumshuhudia jirani uongo, wengi hufikiri yahusu kumsingizia mtu barazani. Lakini na tufikiri: mtu anayeifanya kweli ya jirani yake isisadikiwe, je, hakumharibia?

Wala hili si mfano wa kubuni tu. Tarehe 16 Desemba 2025 rais wa Marekani alitoa tangazo lililosimamisha viza za masomo, pamoja na nyingine, kwa watu wa Tanzania na wa nchi nyingine kadhaa, tangu 1 Januari 2026. Miongoni mwa sababu zilizotajwa ni hii, kwamba katika wageni kutoka kwetu wako waliokaa huko kupita muda waliopewa. Hatusemi kwamba yafaa kuwafungia mlango wote kwa makosa ya wachache. Twaona kwamba aliyesema kweli alipigwa pamoja na aliyesema uongo, na hiyo si haki kamili. Lakini hasara ya jirani yaonekana hapo pasipo kufichwa. Mtu aliyekaa kwa siri katika mji wa mbali alidhani jambo lake ni lake peke yake. Sasa mtoto asiyemjua, aliyesoma kwa taa Ilembula au Rungwe, ameulizwa hesabu kwa ajili yake.

Sasa tuseme juu ya uongo wa moyo, yaani ahadi ya kurudi. Hapa yafaa kupambanua vema, ili tusiwafunge watu mzigo ambao si wao. Mtu aliyeahidi kurudi kwa moyo mnyofu, kisha mambo yakabadilika, si mwongo. Binadamu hajui kesho. Mwaka 1900 Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili. Huko alioa mke Mdachi. Mwaka 1905 akashika safari ya kurudi pamoja na mkewe. Lakini serikali ya Wadachi haikukubali washuke Dar es Salaam wakiwa mume na mke. Ilimlazimu kurudi Ulaya, akafa huko mwaka 1927. Ni nani atakayesema kwamba mtu huyo aliwaacha watu wake? Alitaka kurudi, akazuiwa.

Kadhalika si kila akaaye ng'ambo ametenda vibaya. Wako waliobadili viza zao kwa njia ya sheria, wakapata kazi, nao hujenga shule na kulipia wagonjwa huku kwetu. Kukaa si dhambi. Wasomaji wakumbuke habari ya Anania na Safira. Petro hakuwalaumu kwa sababu walibakiza sehemu ya fedha ya shamba. Shamba lilikuwa lao, na fedha ilikuwa katika uwezo wao. Kosa lao lilikuwa kuonyesha sehemu na kusema kwamba ni yote. Vivyo hivyo kijana ana uhuru wa kutaka maisha ya mbali. Aliyokatazwa ni kusimama leo na kusema, "Nakusudia kurudi," wakati leo hii hakusudii. Neno lililo kesho lipo kwa Mungu. Lakini kusudi la leo twalijua wenyewe, wala hakuna mwingine ajuaye.

Wala ahadi ya kurudi si kifungo cha wageni tu, kana kwamba kurudi kwatakiwa na Wazungu. Julius Nyerere alikwenda Edinburgh mwaka 1949, akapata shahada yake na kurudi mwaka 1952, akafundisha shule ya Pugu kabla ya watu kumjua. Josiah Kibira wa Bukoba alisoma Bethel katika Udachi, kisha Boston katika Marekani. Akarudi, akawa askofu mwaka 1964, na mwaka 1977 mkutano wa Walutheri wa dunia nzima, uliokutana Dar es Salaam, ulimchagua kuwa rais wao. Watu hao walirudi kwa kuwa walikuwa na kazi iliyowangoja na watu waliowangoja. Hata leo misaada mingine ya masomo, kama ile ya Chevening ya Uingereza, hutoa sharti waziwazi kwamba mwanafunzi arudi kwao walau miaka 2. Sharti la namna hiyo ni jema, maana kila mtu ajua alichotia sahihi.

Basi, tumetaja wajibu wa kijana. Lakini haifai kumwekea yeye peke yake. Sisi wazee, wazazi na wachungaji tuna sehemu yetu.

Wazazi wasimwambie mwana, "Nenda, wala usirudi mikono mitupu; deni letu lote li juu yako." Kijana aliyefungwa hivyo hawezi kumjibu afisa kweli hata akitaka, maana nyumbani amekwisha kuahidi fedha, na ubalozini yampasa kuahidi kurudi, naye hawezi kutimiza zote mbili. Mchango uliotolewa na usharika ni zawadi au ni deni. Na lisemwe wazi tangu mwanzo ni lipi, kwa kiasi gani, na kwa muda gani. Mtoto si shamba la kukodishwa.

Wachungaji waandike barua za kweli. Ni jambo jema kushuhudia kwamba kijana ni mshiriki, mwenye tabia njema, anayejulikana tangu utoto. Bali asiyekuwa mtoto wa ndugu yako usimwite mtoto wa ndugu yako, wala usitaje shamba asilo nalo. Muhuri wa usharika si mali ya mchungaji. Na sharika zenye marafiki ng'ambo, kama zile za Dayosisi ya Iringa zenye urafiki wa Bega kwa Bega na sharika za Minnesota, zisiwaombe marafiki watie sahihi "kwa ajili ya karatasi tu". Mtu akitia sahihi kwamba atamlisha mgeni, amlishe kweli; asipoweza, asitie. Urafiki uliojengwa miaka mingi waweza kuvunjwa na sahihi moja.

Tena wazee wawasaidie vijana kutafuta mapema njia zilizo halali: misaada ya masomo, ambayo maombi yake hufungwa miezi mingi kabla ya safari, vyuo visivyotoza ada, shahada ya kwanza hapa nyumbani na ya pili huko, ambayo mara nyingi ni rahisi zaidi kupatiwa msaada. Na kijana aulize Tume ya Vyuo Vikuu ya Tanzania kabla ya kwenda kama shahada ya chuo kile itatambuliwa hapa, asije akarudi na cheti kisichofaa. Mambo haya ni kazi ya miaka miwili, wala si ya majuma mawili. Uongo mwingi hufanyika kwa sababu ya haraka.

Limebaki neno moja gumu, wala hatupendi kulipita. Msomaji aweza kuuliza: Je, kijana akisema kweli, akakataliwa kwa sababu ya kweli hiyo, na mwenzake aliyedanganya akapita, mtamwambia nini? Hatutamwambia kwamba viza itakuja baadaye kama malipo ya unyofu wake. Huenda haitakuja. Hatutamwambia kwamba mwenzake atakamatwa, huenda hatakamatwa. Mithali yasema njia ya mwongo ni fupi, lakini tumeona wengine wakitembea juu yake mbali.

Twamwambia hivi tu. Umepoteza nafasi kubwa, nasi twasikitika pamoja nawe, wala hatutaiita ndogo. Lakini hukumwongezea mzigo yule binti wa Tukuyu anayesimama nyuma yako. Wala hukumwingiza mjane wa kijijini katika shauri la gizani. Nawe wapanda basi kurudi kwenu, kupanda Kitonga, ukiwa na vyeti vyako vyote, na kila kilichoandikwa juu yako ni kweli. Usharika utakaokupokea na ufanye kwa bidii kukutafutia njia nyingine, maana ni wajibu wake. Tukiwasifu wanaosema kweli mimbarani, kisha tukiwaacha peke yao wanapoumizwa na kweli hiyo, kosa litakuwa letu.